Mnunuzi yuko ng'ambo, hela utoe wewe?

Wiki hii safu yenu haina habari za nani kamwacha nani solemba ukumbini. Tunakwenda Kibaigwa, kwenye mahindi. Huko nako watu wanaachwa solemba, tena na bwana ambaye hajawahi kukanyaga ardhi ya Tanzania hata siku moja.

Kwa wale wanaoijua Kibaigwa kupitia dirisha la basi tu, huo ni mji mdogo wa wilaya ya Kongwa, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, ukishaiacha Gairo. Kuna soko la mahindi ambalo sifa zake zimefika mpaka nje ya mipaka. Malori yanajipanga, makuli wanapandisha magunia mgongoni, madalali wanaongea kama redio yenye betri mpya. Mahindi, alizeti, mbaazi, karanga, ufuta, mtama, vyote vinapita mkoa huu kutafuta mwenye hela.

Na pale sokoni mnunuzi ana tabia zake. Anakuja mwenyewe au anamleta mtu wake. Anachomeka bambo kwenye gunia, anazitazama punje kiganjani, moja anaitia mdomoni aisikie inavyolia kwenye meno. Halafu linaanza zogo la bei. Anaondoka, anarudi, ananuna, anacheka. Mwisho wa yote anatoa hela, mzigo unapakiwa. Sasa niambie, umewahi kusikia mnunuzi akimwambia mkulima: "Mzee, kabla sijanunua haya magunia yako naomba unipe elfu hamsini nikaandikishe jina lako"? Thubutu! Wagogo wangemsindikiza na fimbo mpaka Pandambili.

Lakini maneno hayo hayo yakija kwenye simu, yakiwa na nembo ya tai na neno "Wizara", mtoto wa mjini anafungua pochi mwenyewe, bila kushikiwa kisu.

Tuchukue mfano, na ni mfano tu, usianze kumtafuta mtu. Kijana ana miaka 27, anaishi Dar au Dodoma mjini, ana kampuni. Mkurugenzi ni yeye, katibu ni yeye, dereva akipatikana gari atakuwa yeye. Mhuri upo. Ana mjomba wake Kibaigwa anayejua nani ana mzigo na nani ana maneno tu. Kijana akabandika tangazo: tunauza mbaazi safi, kiasi chochote, popote duniani. Si vibaya, biashara ni matangazo.

Wiki haijaisha, ujumbe umeingia. "Mheshimiwa Mkurugenzi, kampuni yako imependekezwa kwetu. Serikali yetu inahitaji tani 100 za mbaazi kwa haraka. Tafadhali tupe bei." Ameandika mtu mwenye vyeo vitatu mbele ya jina, Daktari Mhandisi Chifu nani sijui, wa nchi fulani ya mbali. Kijana kuitwa Mheshimiwa kwa mara ya kwanza maishani si mchezo! Akapiga hesabu, akaongeza dola 200 kwa kila tani ili aachiwe nafasi ya kupunguziwa, akatuma. Jibu likaja siku hiyo hiyo: tumekubali.

Dola 200 mara tani 100 ni dola 20,000. Usiku huo hakulala. Mchumba kashaambiwa, fundi suti kashapimisha, shemeji kashaagiza simu.

Mjomba alipopigiwa hakushangilia. "Anko, huyo mtu amekubali bei bila kuomba hata senti ipungue? Basi huyo hanunui."

Mzee hana imeli wala hajui Daktari Mhandisi ni nani. Lakini amekaa na wanunuzi miaka, na anajua mnunuzi asiyebishana ni mgonjwa au ni mwizi. Kijana akamwona mjomba mshamba. Dunia imebadilika, anko, hizi ni dili za kimataifa.

Basi mkataba ukaja, kurasa nane, mihuri kama stempu za posta. Ukurasa wa mwisho kuna kidogo tu: muuzaji wa nje lazima asajiliwe wizarani, ada dola 450. Atakayeishughulikia ni mwanasheria fulani, hela itumwe kwa jina lake binafsi kupitia Western Union. Dola 450 mbele ya dola 20,000 ni hela ya soda. Ikatumwa. Risiti ikaja, nzuri kweli. Baada ya siku nne, mkataba unatakiwa uthibitishwe mahakamani, dola 1,200. Halafu dhamana ya kuonyesha kwamba utaleta mzigo kweli, dola 3,000, "ambazo utarudishiwa pamoja na malipo ya kwanza." Na haraka, maana waziri anasafiri Ijumaa.

Jumla dola 4,650. Kwa hela zetu ni zaidi ya milioni 10. Halafu Daktari Mhandisi akaingia mitini, simu haipatikani, na mbaazi ziko ghalani zinawasubiri panya.

Hebu tuutazame ujanja wenyewe, maana watu wanasema aliyelizwa ana tamaa, kisha wanafunga mjadala. Si hivyo tu. Ada ya kwanza imepimwa ili uilinganishe na faida, usiilinganishe na mfuko wako. Ukiilinganisha na faida ni ndogo. Ya pili hulipi kwa ajili ya faida tena, unalipa ili ile ya kwanza isipotee. Ya tatu unalipa kwa sababu umeshamwambia mchumba. Tapeli anajua ngazi hizi zote, ndiyo maana haombi dola 4,650 siku ya kwanza.

Jambo la pili ni kwamba uongo wake umepanda juu ya mgongo wa ukweli. Kusafirisha mazao nje kuna vyeti kweli, na vyeti vina ada kweli. Mtu asiyewahi kusafirisha hata debe moja amesikia tu kwamba "kuna makaratasi mengi," kwa hiyo karatasi moja zaidi haimshtui. Sasa tuyajue hayo makaratasi. Kampuni inaandikishwa BRELA na kodi iko TRA. Cheti cha afya ya mimea kinatoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yaani TPHPA. Ubora ni kazi ya TBS. Cheti cha asili ya bidhaa unakifuata TCCIA. Vibali vya kutoa nafaka nje viko Wizara ya Kilimo, na wakala wa forodha naye atataka chake.

Umeona yote hayo yako wapi? Yako hapa hapa nyumbani. Unaweza kupanda daladala ukaingia ofisini, ukamwona mtu mwenye uso. Na malipo ya serikali tangu mwaka 2017 yanapita kwenye mfumo wa namba ya malipo, ile mtaani wanayoiita kontroo namba. Hela inaingia serikalini, haiingii kwa mwanasheria wa mtu. Ada za nchi ya mnunuzi ni za mnunuzi. Kibali chake cha kuingiza mzigo, usajili wa wizara yake, mahakama yake, yote mwenyewe atajua. Wewe ukiuza kwa bei ya kufikisha mzigo melini Dar es Salaam, kazi yako inaishia bandarini. Kwa nini ulipe mahakama ya nchi ambayo hata bendera yake huijui?

Hata sokoni mambo yako hivyo. Ushuru wa mazao wa halmashauri, ule uliopunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, kisheria ni wa mnunuzi. Najua, najua, mnunuzi mjanja anaurudisha kwa mkulima kwa kuteremsha bei. Lakini hata huyo mjanja hathubutu kumwambia mkulima atangulize.

Kuna wakati njaa ya soko inamfanya mtu aamini chochote. Mwaka 2017 mbaazi zilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, India. Mwezi Agosti mwaka huo India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, ili kuwalinda wakulima wake. Huku kwetu bei ikaporomoka vibaya mno, watu wakabaki na magunia wasijue wayapeleke wapi. Mtu wa namna hiyo, mwenye deni na ghala limejaa, akipata ujumbe wa mnunuzi mpya wa ng'ambo, unadhani atauliza maswali mangapi? Msimu soko likilala ndio wakati wenyewe wa kujihadhari.

Na wanaolizwa si washamba, kama wajuaji wa mjini wanavyopenda kusema. Kati ya mwaka 1995 na 1998 benki moja ya Brazil, Banco Noroeste, ilipoteza dola milioni 242 kwa mchezo wa namna hii hii. Mnigeria Emmanuel Nwude alijifanya gavana wa Benki Kuu ya nchi yake, akamshawishi ofisa mkubwa wa benki hiyo, Nelson Sakaguchi, kwamba kuna uwanja wa ndege unajengwa Abuja. Uwanja haukuwepo. Ofisa akaahidiwa kamisheni ya dola milioni 10, hela za benki zikawa zinatoka kidogo kidogo, leo ada hii, kesho ada ile. Benki ikafa mwaka 2001. Nwude akahukumiwa mwaka 2005, miaka 25. Mtu wa benki, mwenye kiyoyozi na mwanasheria mlango wa pili, aliuziwa uwanja wa ndege hewa! Wanigeria wenyewe mchezo huu wanauita "419", kwa sababu ya kifungu cha 419 cha sheria yao ya jinai. Ulikuja kwa barua, ukahamia kwenye faksi, ukaingia kwenye imeli, sasa uko WhatsApp na picha ya mzungu aliyevaa tai.

Kongwa yenyewe inayajua makaratasi mazuri ya ng'ambo tangu zamani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango mkubwa wa karanga, matrekta ya kumwaga, ramani za rangi. Mvua ikakataa, udongo ukawa mgumu kama saruji, mwaka 1951 mpango ukafungwa na mamilioni ya pauni yamezama. Hao hawakuwa matapeli, jamani, tusiwasingizie. Walikuwa wanaamini karatasi zao kuliko wenyeji wa pale.

Haya, mnunuzi wa kweli yukoje? Kwanza anachosha. Anauliza unyevu. Kwa mahindi, kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja ya hiyo sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu tena, lakini kwa masharti ya vyeti. Kwa hiyo Mkenya anayejua kazi yake atakuuliza cheti cha maabara kabla hajakuuliza hali. Mnunuzi wa ufuta atataka kujua usafi wake, atataka sampuli, atasema sampuli yako ina mawe hata kama ni jiwe moja. Atakupunguzia bei mpaka umchukie. Ukiona mtu anataka tani 100 na hajauliza hata mbaazi ni nyeupe au nyekundu, mshukuru Mungu na umfute.

Pili, hela zake zinapita benki. Wakubwa wa biashara hii wanatumia dhamana ya benki ambayo wenyewe wanaiita LC: benki ya mnunuzi inaahidi kulipa ukileta hati za mzigo kama mlivyokubaliana, na taarifa yake inafika kwenye benki yako, haifiki kwenye simu yako. Kuna matapeli wanaotuma picha ya karatasi, eti ni uthibitisho kwamba hela zimeshatumwa, zina namba na kila kitu. Karatasi ya namna hiyo mtoto wa kidato cha pili mwenye kompyuta anaitengeneza kabla chai haijapoa. Ichukue, nenda benki yako, muulize ofisa: hela imeingia au haijaingia? Akisema haijaingia, basi haijaingia, hata kama Daktari Mhandisi ataapa kwa mama yake. Na wakikuambia zimekwama mahali, zinahitaji cheti cha kuthibitisha kwamba si hela za magaidi, dola 900 tu... wewe mwenyewe unajua.

Wengine hawaombi ada, wanaomba uende. Mtego huu umeripotiwa sana kwa wanaofanya biashara na China. Mnunuzi anasema bei safi, mkataba tusaini ana kwa ana. Unajikuna nauli, unafika, unapokewa kwenye ofisi inayong'aa. Halafu inabidi ulipie mthibitishaji wa mkataba, ulipie zawadi za wakubwa, ulipie karamu. Wamekula, wamekushangilia, umerudi nyumbani, kampuni imeyeyuka. Si Wachina wote, tuelewane. China inanunua ufuta wetu mwingi kwa hela halali kabisa. Ndiyo maana tapeli anachagua kujificha nyuma ya nchi hiyo na si nyuma ya mwezi.

Wapo pia wanaoiba jina la kampuni ya kweli. Ukiitafuta unaikuta ipo, ina kiwanda, ina wafanyakazi. Lakini anuani ya imeli iliyokuandikia imeongezwa herufi moja, au kidoti kimehamia upande wa pili. Hapo usijibu ile imeli. Tafuta simu ya kampuni mwenyewe, piga, uliza kama wanakujua. Ukishindwa lugha, ubalozi wetu kwenye nchi hiyo una kazi ya kutafuta masoko, na TanTrade wapo. Waandikie wakusaidie kuulizia. Ni kazi ya siku chache, na mnunuzi wa kweli anasubiri siku chache. Anayekwambia "leo kabla ya saa kumi" ana sababu zake.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Zile milioni 10 mara nyingi si za kijana. Mbili za mama, alizotoa kwenye kikoba akijua wenzake watamdai kila Jumapili. Tatu za mkopo wa kausha damu, na jina la mkopo linajieleza. Zilizobaki alimwomba rafiki. Na zile mbaazi ghalani mjomba alizichukua kwa mali kauli: wakulima wamempa kwa kumwamini, walipwe mzigo ukiuzwa. Kule kijijini hakuna anayemjua Daktari Mhandisi. Wanamjua mjomba. Wao watampigia mjomba hodi, asubuhi, wakiwa wamekaa kwenye kigoda chake bila kusema neno, na mzee atauza ng'ombe.

Ndipo kijana anaona aibu, ananyamaza. Na ukimya wake unamfaa tapeli kuliko kitu chochote, maana wiki mbili baadaye unaingia ujumbe mwingine: "Sisi ni kitengo cha kurejesha fedha zilizotapeliwa. Tumemkamata mtu wako. Ili upate chako, lipa ada ya dola 300." Ni yule yule! Au kauza namba yako kwa mwenzake. Wanaita biashara, sisi tunaita kumchuna mbuzi aliyekwisha chunwa.

Kwa hiyo ikitokea, usikae kimya hata siku moja. Kama hela ilipita benki au kwenye simu, kimbilia kwao saa hiyo hiyo wajaribu kuizuia kabla haijatolewa. Kesho yake ni kuchelewa. Nenda polisi, tunza ujumbe wote, namba, risiti za kughushi, usifute kwa hasira. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015. Namba ya tapeli wa hapa nchini, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii," unaipeleka 15040. Aliye ng'ambo ni vigumu zaidi kumpata, siwadanganyi. Hela iliyochukuliwa kwa jina la bandia kwenye dirisha la nchi nyingine hairudi kirahisi.

Halafu panda basi uende Kibaigwa, umwambie mjomba kabla hajasikia kwa wengine. Mwambie mzigo bado upo, haujaliwa. Malori yanafika kila siku, kuna wanunuzi watakaosema mbaazi zako zina vumbi na kutaja bei ya kukuudhi. Bishana nao.

Tukutane wiki ijayo, nitakuwa na kisa cha msichana aliyechumbiwa na wanaume wawili wa mtaa mmoja, na wote wawili wanamjua mshenga.